Televisheni Mubashara kwa Intaneti ya Nyumbani: Chagua Kipindi Kwanza, Huduma Baadaye

Nyumba ikishavutiwa faiba au kuwekewa ruta ya 5G, swali huanza sebuleni: tuendelee kulipia king'amuzi, au tuhamie kwenye programu za intaneti? Swali hilo lina uzito, kwa sababu televisheni hulipiwa kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, na familia nyingi hulipia rundo la chaneli ambazo hakuna anayezifungua. Kosa la kuchagua vibaya hurudi kila kifurushi kinapoisha.

Mwongozo huu ni wa msomaji wa Tanzania na Kenya anayetaka kutazama televisheni mubashara, yaani mechi, taarifa ya habari na tamthilia kwa saa yake, kupitia intaneti ya nyumbani. Hoja yake ni moja. Usianze na jina la huduma, wala usianze na kasi iliyoandikwa kwenye bango la kampuni. Anza na vipindi ambavyo nyumba yako haikubali kuvikosa. Kisha tafuta nani ana haki ya kuvirusha, halafu pima kama intaneti yako inaweza kuvibeba. Ukifuata mpangilio huo, huduma nyingi zitajiondoa zenyewe kwenye orodha na utabaki na moja au mbili za kulinganisha.

Kabla ya kuanza, elewa tofauti kati ya matangazo mubashara na filamu iliyokwisha kuhifadhiwa. Ukitazama filamu ya Netflix, runinga yako huchota dakika za mbele na kuziweka akiba; intaneti ikiyumba kidogo, unaendelea kutazama akiba hiyo bila kujua. Mechi inayochezwa sasa haina dakika za mbele za kuchota, kwa hiyo akiba yake ni ya sekunde chache tu. Ndiyo maana nyumba inaweza kutazama filamu usiku kucha bila tatizo, lakini mechi ikaganda dakika ya penalti. Intaneti inayotosha kwa filamu si lazima itoshe kwa mpira.

1. Andika mnachotazama kweli

Chukua daftari, liweke karibu na rimoti kwa wiki moja. Kila mtu anayewasha runinga aandike ametazama nini, saa ngapi, na kwa muda gani. Usitegemee kumbukumbu. Watu husema wanatazama makala za wanyama na habari za dunia, kumbe wiki nzima wamefungua chaneli tatu.

Wiki ikiisha, gawa orodha sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni vitu ambavyo thamani yake ipo kwa wakati wake: mechi, taarifa ya habari ya saa 2 usiku kwa Tanzania au ile ya Kiswahili ya saa 1 usiku kwa Kenya, matokeo ya uchaguzi, ibada ya Jumapili. Sehemu ya pili ni vitu vinavyoweza kusubiri: tamthilia, filamu, katuni za watoto, vichekesho. Sehemu ya kwanza tu ndiyo inayohitaji huduma ya mubashara. Ya pili inaweza kutazamwa wakati wowote, mara nyingi kwa bei ndogo zaidi au bure YouTube.

Katika sehemu ya kwanza, piga mstari chini ya vipindi vitatu au vinne ambavyo vikikosekana kutakuwa na malalamiko ya kweli nyumbani. Hivyo ndivyo vitakavyoamua. Mjumuishe kila mtu katika uamuzi huu, pamoja na bibi anayefuata tamthilia yake na dada wa kazi anayeshinda na watoto. Huduma iliyochaguliwa na mpenzi wa mpira peke yake huishia kulipiwa mara mbili, kwa sababu mwezi unaofuata wengine watadai yao.

2. Fuata haki za matangazo

Ligi na tamthilia hazipatikani kila mahali. Zinauzwa kwa mkataba, na aliyenunua ndiye unayelazimika kumfuata hata kama programu ya mwenzake ni nzuri zaidi.

Kwa mpira wa Tanzania, jibu liko wazi. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa haki za televisheni za Ligi Kuu. Kwa hiyo kama nyumba yako ni ya Simba au Yanga, mazungumzo yanaanzia Azam: ama king'amuzi chake, ama programu yake ya AzamTV Max.

Kwa Ligi Kuu ya Uingereza, haki katika ukanda wetu zimekuwa mikononi mwa SuperSport kwa miaka mingi, na SuperSport inapatikana kupitia DStv. Kwa anayetumia intaneti, programu ya kampuni hiyo ni DStv Stream. Huko huko ndiko iliko Maisha Magic Bongo, chaneli ya tamthilia za Huba na Jua Kali. Nyumba inayopenda mpira wa Uingereza na tamthilia hizo inaweza kukuta mahitaji yake yote yako chini ya kampuni moja. Nyumba inayotaka Yanga na Arsenal kwa pamoja italazimika kuchagua kipi kilipiwe mwezi gani.

StarTimes nayo ina programu yake, StarTimes ON, na imekuwa ikirusha mashindano mbalimbali ya soka kwa nyakati tofauti. Usiilipie kwa sababu ya mashindano iliyoyaonyesha msimu uliopita. Uliza ya msimu huu.

Onyo hilo linahusu kampuni zote, kwa sababu haki huhama. SuperSport iliachana na Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2017, na mwaka 2023 Azam ikasaini na shirikisho la soka la nchi hiyo. Kampuni zenyewe hubadilika pia: MultiChoice, mmiliki wa DStv, ilichukuliwa na Canal+ ya Ufaransa Septemba 2025. Na zipo zilizokufa kabisa. GTV iliingia Afrika Mashariki na mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa bei ya chini, ikafungwa ghafla mwishoni mwa Januari 2009, na wateja wakabaki na ving'amuzi visivyoonyesha kitu. Kwesé ya kundi la Econet nayo ilikuja kwa kishindo na haikufika 2020.

Kwa mashindano makubwa, angalia vituo vya taifa kwanza. Kombe la Dunia na AFCON mara nyingi huonyeshwa angalau kwa sehemu na chaneli za bure. Septemba 2023 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliwapa Kenya, Uganda na Tanzania AFCON ya 2027 waiandae kwa pamoja. Wakati wake ukikaribia matangazo ya vifurushi yatakuwa mengi. Subiri ujue ni mechi zipi zitaonyeshwa bure kabla ya kulipa.

3. Antena bado ina kazi

Kama vipindi vyako vya lazima ni habari na chaneli za nyumbani, huenda huhitaji kulipia huduma yoyote ya mubashara. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilikamilisha zoezi hilo mwaka 2015. Tangu hapo chaneli za kawaida hurushwa kidijitali kupitia minara ya nchi kavu, na runinga nyingi mpya tayari zina kipokezi cha mfumo huo, DVB-T2, ndani yake. Kenya, antena ya dari na runinga ya aina hiyo hukupa chaneli za bure kama KBC na Citizen. Kwa Tanzania, ukinunua king'amuzi cha antena, uliza swali hili moja dukani kabla ya kulipa: kifurushi kikiisha, ni chaneli zipi zinabaki wazi?

Vituo vikubwa vya Kenya kama Citizen TV na NTV hurusha matangazo yao mubashara YouTube, na vya Tanzania hufanya hivyo kwa matukio makubwa. Hapo unalipia intaneti peke yake. Lakini antena ina faida ambayo intaneti haina: haili GB hata moja, na haipungui ubora watu wote wa mtaa wanapotazama kwa pamoja. Mnara au setilaiti hutuma mawimbi yaleyale kwa kila mtu, wawe kumi au milioni moja. Kwenye intaneti kila mtazamaji huletewa nakala yake, na nakala zote hizo hupita katika nyaya zilezile. Ndiyo sababu programu hulemewa hasa siku ya dabi, siku unayoihitaji kuliko zote.

4. Pima intaneti kwa namba, si kwa jina

Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, na bando huhesabiwa kwa gigabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo usichanganye. Netflix inashauri megabiti 3 kwa picha ya HD ya kawaida (720p), megabiti 5 kwa HD kamili (1080p), na megabiti 15 kwa 4K. Kwa mpira, chukua namba hizo kama kiwango cha chini kabisa, kwa sababu picha ya mpira husogea yote kwa wakati mmoja na huhitaji data nyingi kuliko msomaji wa habari aliyekaa mezani. Kwa runinga moja ya mubashara, hakikisha una megabiti 10 zinazofika kweli. Halafu jumlisha wengine: mtoto anayetazama YouTube chumbani, simu zinazopakia picha, mtu aliye kwenye mkutano wa video. Kwa nyumba ya watu watano, megabiti 20 hadi 30 hutoa nafasi ya kupumua.

Sasa hesabu ujazo. Megabiti 5 kwa sekunde kwa saa nzima ni karibu GB 2.25. Mechi moja pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza ni kama saa mbili, yaani GB 4.5. Ligi Kuu ya Tanzania ina timu 16, kwa hiyo timu yako inacheza mechi 30. Ukizitazama zote kwa ubora huo, ni GB 135 za timu moja tu. Na runinga inayowashwa saa nne kwa siku hula GB 9, sawa na GB 270 kwa mwezi.

Hesabu hiyo ndiyo inayochora mstari. Kama unanunua bando la GB kwa laini ya simu, usihamishie televisheni ya mubashara kwenye intaneti. Baki na dishi au antena kwa mechi na habari, na tumia intaneti kwa vile vipindi vinavyoweza kusubiri. Kama una intaneti isiyo na kikomo, endelea, lakini soma masharti ya matumizi ya haki. Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo hupunguzwa kasi baada ya kiasi fulani kwa mwezi. Muulize muuzaji maswali mawili, na uombe majibu kwa maandishi: kasi inapunguzwa baada ya GB ngapi, na inashuka hadi megabiti ngapi? Ikishuka chini ya 5, mechi za mwisho wa mwezi zitaonekana kwa ukungu.

Aina ya intaneti nayo ina tabia zake. Faiba ndiyo imara kuliko zote kwa mubashara. Haijali mvua wala idadi ya simu zilizo karibu na mnara. Kenya ina Safaricom, Zuku na Faiba ya JTL miongoni mwa nyingine. Tanzania, TTCL ina huduma yake ya Faiba Mlangoni Kwako. Ruta ya 4G au 5G hufungwa haraka na kuhamishika, lakini hugawana mnara na mtaa mzima, hivyo kasi ya saa 4 asubuhi si ya saa 2 usiku. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza Kenya Julai 2023, inafika mahali ambapo faiba haitafika karibuni. Inahitaji anga iliyo wazi bila miti, na mvua kubwa ya masika inaweza kuikata kwa muda, sawa na inavyokata dishi la kawaida.

Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya intaneti yetu inatoka nje kupitia nyaya zilizolazwa baharini, kuanzia SEACOM iliyofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy iliyofuata 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika kwa pamoja, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Huduma iliyohifadhi nakala zake kwenye mitambo ya hapa hapa huumia kidogo siku kama hizo. Huduma inayoleta kila picha kutoka bara jingine hukwama. Nyumba yenye antena, siku hizo ilitazama habari kama kawaida.

5. Jaribu saa ya msongamano

Kabla ya kulipia huduma yoyote, pima intaneti yako kwa fast.com au Speedtest. Pima jioni kati ya saa 1 na saa 4 usiku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Pima ukiwa mahali runinga ilipo, si kando ya ruta. Andika namba ndogo kuliko zote uliyoipata. Hiyo ndiyo kasi yako halisi. Namba kubwa ya alfajiri isikushawishi.

Kama namba kando ya ruta ni nzuri na kando ya runinga ni mbaya, tatizo liko ndani ya nyumba yako, na kubadilisha kampuni hakutalitibu. Kuta za zege na tofali hula mawimbi. Wi-Fi ya 5 GHz ni ya kasi lakini haipenyi kuta vizuri; ya 2.4 GHz hupenya zaidi lakini hugombaniwa na ruta za majirani, hasa kwenye maghorofa. Dawa rahisi kuliko zote ni waya wa mtandao kutoka ruta hadi runinga. Fundi anaufunga kwa muda mfupi, na baada ya hapo runinga haigombani tena na simu za nyumbani. Kama waya hauwezekani, inua ruta, itoe nyuma ya kabati, isogeze katikati ya nyumba.

Fikiria umeme pia. Umeme ukikatika na una sola au inveta ya runinga, ruta na kile kiboksi cha faiba lazima navyo viwe kwenye umeme huo. Maduka ya vifaa vya umeme huuza betri ndogo za akiba za ruta, na kwa nyumba inayotegemea intaneti kwa televisheni hicho ni kifaa cha lazima.

6. Kubali kuchelewa, au baki na dishi

Picha ya intaneti huchelewa. Mfumo unaotumiwa sana, HLS, uliotolewa na Apple mwaka 2009, hukata matangazo katika vipande vya sekunde chache, na kifaa chako hukusanya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha. Ukijumlisha na muda wa mitambo ya kituo, picha yako inaweza kuwa nyuma ya dishi kwa nusu dakika au zaidi. Matokeo yake unayajua: mtaa unashangilia bao wakati kwako mpira bado uko katikati ya uwanja, na ujumbe wa kundi la WhatsApp unakupa matokeo kabla ya picha.

Huu si ubovu wa intaneti yako na hauondoki kwa kununua kasi zaidi. Kama unaishi jirani na kibanda umiza na bao ni kitu unachotaka kukiona kabla ya kukisikia, sababu hiyo peke yake inatosha kubaki na dishi kwa ajili ya mpira. Kama hujali, zima arifa za simu wakati wa mechi na uendelee.

7. Hakikisha programu inakubali runinga yako

Runinga zote zinazoitwa smart hazifanani. Samsung hutumia Tizen, LG hutumia webOS, Hisense nyingi hutumia VIDAA, na nyingine hutumia Google TV. Programu iliyopo kwenye duka la moja inaweza isiwepo kwenye jingine. Zipo pia runinga za bei nafuu zenye Android isiyoidhinishwa na Google, ambazo hazifungui programu nyingi rasmi au huzionyesha kwa ubora wa chini. Kabla ya kulipa, fungua duka la programu la runinga yako na utafute jina la huduma hiyo. Usipoiona, unaweza kununua kijiti au kiboksi cha Google TV kilichoidhinishwa na kukichomeka kwenye HDMI. Kijumlishe kwenye gharama yako.

Kisha uliza kuhusu skrini. Je, kifurushi kinaruhusu runinga, au simu tu? Februari 2024 huduma ya Showmax ilizindua kifurushi cha mechi zote za Ligi Kuu ya Uingereza kwa bei ya chini, lakini kilikuwa cha simu peke yake. Kwa kijana anayeishi peke yake kilimfaa. Kwa familia inayokaa sebuleni hakikuwa jibu. Je, watu wangapi wanaweza kutazama kwa wakati mmoja kwa akaunti hiyo? Baba akiwa na mechi sebuleni, je, tamthilia ya chumbani itakatwa? Na je, kifurushi cha programu kina chaneli zote za kifurushi cha dishi chenye jina hilohilo? Usikisie, uliza.

8. Lipa kwa mwezi, ukifuata msimu

Faida kubwa ya programu kuliko dishi ni kwamba hakuna fundi wa kuita wala kifaa cha kurudisha. Itumie faida hiyo. Lipa mwezi mmoja mmoja, na simamisha ligi zinapopumzika. Ligi za Ulaya na za kwetu huwa na mapumziko katikati ya mwaka. Fedha ya miezi hiyo inaweza kulipia filamu au kubaki mfukoni. Punguzo la mwaka mzima linavutia, lakini yaliyowapata wateja wa GTV yanatosha kutufundisha kwamba fedha iliyolipwa mbele ni ngumu kuirudisha.

Kama unalipa kwa kadi, angalia kama huduma hujirudia yenyewe, na ujue mahali pa kuizima kabla hujaiwasha. Ukilipa kwa M-Pesa au huduma nyingine ya simu, mara nyingi wewe ndiye unayeanzisha kila malipo, jambo linalokupa udhibiti zaidi. Linganisha pia jumla, si bei moja moja: intaneti, kifurushi cha televisheni, na kifaa kikigawanywa kwa miezi 12. Huduma ya bei nafuu inayokulazimu kupandisha kifurushi cha intaneti si ya bei nafuu.

9. Kaa mbali na chaneli za wizi

Utaona matangazo ya WhatsApp na Telegram: chaneli maelfu, mechi zote, kwa bei ya soda chache. Usinunue. Anayekuuzia hana haki ya alichokiuza, hana ofisi, na akizimwa siku ya fainali huna pa kulalamika. Vile viboksi vya Android visivyo na jina vinavyouzwa vikiwa vimejazwa chaneli vina hatari nyingine. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo la umma kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani, viboksi vya televisheni vikiwemo, vilivyobebeshwa programu za uhalifu, vingine kabla hata ya kutoka dukani. Kiboksi cha namna hiyo kinakaa kwenye Wi-Fi ileile unayofanyia malipo ya benki.

Nyumba tatu, majibu matatu

Chukua nyumba ya Mwanza yenye ruta ya 4G na bando la GB 60 kwa mwezi, wapenzi wa Simba, na mama anayefuata habari. Jibu lake ni king'amuzi cha Azam kwa mechi, antena kwa habari, na intaneti ibaki ya simu na masomo. GB 60 zingetosha mechi 13 tu, na zisingebaki za kitu kingine.

Chukua ghorofa la Nairobi lenye faiba ya megabiti 30, ambako mwenye nyumba haruhusu madishi. Wanataka Ligi Kuu ya Uingereza na habari za saa 1 usiku. Hapa programu ndiyo njia: DStv Stream kwa miezi ya ligi, YouTube au antena ya ndani kwa habari, na waya kutoka ruta hadi runinga.

Chukua nyumba ya Dar es Salaam yenye faiba, ambako hakuna shabiki wa mpira. Kuna watoto, tamthilia na habari. Wakikagua daftari lao, watagundua kwamba cha lazima kwa wakati wake ni habari tu. Antena inawatosha kwa hizo. Fedha ya kifurushi kikubwa cha mubashara iende kwenye huduma moja ya filamu na tamthilia inayowafaa, yenye wasifu wa watoto uliofungwa kwa namba ya siri.

Mwezi wa kwanza ni wa majaribio

Ukishachagua, lipa mwezi mmoja na usiuze dishi lako bado. Katika mwezi huo, tazama angalau mechi moja kubwa na taarifa za habari za jioni kadhaa, kisha jibu maswali matatu ukiwa na daftari lako mkononi. Je, vile vipindi vitatu au vinne vya lazima vyote vimepatikana? Je, picha imeganda katika tukio ambalo mlilisubiri? Je, jumla ya mwezi, pamoja na intaneti, ni chini ya mlichokuwa mkilipa, au imezidi kwa kitu ambacho nyumba nzima inakubali kwamba inakihitaji?

Majibu yakiwa mazuri, king'amuzi chako kinaweza kupumzika. Jibu hata moja likiwa baya, rudisha kipindi hicho kwenye dishi au antena na uache vingine kwenye intaneti. Hakuna sheria inayokulazimisha kuhamia yote kwa pamoja. Nyumba nyingi hufaidika kwa kuchanganya. Kisha, kila msimu mpya wa ligi unapokaribia, pitia upya orodha yako na haki za matangazo kabla ya kulipa tena.